Nani Alijenga Gede? Hilo Swali Ndilo Shida

Kama ulisomea Kenya na shule yenu ikabahatika kwenda Pwani, hii ziara unaijua. Mnashuka kwenye basi pale Gede, karibu na Watamu, jua linachoma, kima wamekaa juu ya ukuta wakipigia mikate yenu hesabu. Mnatembezwa: msikiti mkuu, kasri, visima, vyoo (kila mwaka watu lazima washangae vyoo), halafu vipande vya sahani za kauri zilizotoka Uchina. Mwishowe kuna msee nyuma ya laini anauliza lile swali.

"Sasa hii yote ilijengwa na nani?"

Na mnajibiwa. Mwaka mwingine jibu ni Waarabu. Mwaka mwingine ni Waswahili, basi, imeisha hiyo. Mwaka mwingine ni "mchanganyiko", ukiuliza mchanganyiko wa nini na nini unaambiwa muda umeisha. Mnaandika kwenye daftari, mnapanda basi, mnaenda Fort Jesus kupiga picha na mizinga.

Mimi pia niliandika. Nimekuja kugundua baadaye sana kwamba shida haikuwa jibu. Shida ilikuwa swali.

Naleta hii stori kwa sababu kuna kitu watu huniuliza sana, hasa wale wako chuo na wamefika ile stage ya projekti: "Nitajuaje swali langu la utafiti ni zuri?" Huwa mnatarajia nitoe fomula. Sina fomula. Lakini nina Gede, na nina historia ya jinsi watu waliosoma sana walivyouliza swali bovu kuhusu Pwani yetu kwa miaka mingi, halafu wengine wakaja wakauliza swali dogo, la kishamba hivi, na kila kitu kikabadilika. Hiyo stori inafunza kuliko fomula yoyote.

Tuanze na ubovu wenyewe. "Nani alijenga?" linaonekana swali safi, sivyo? Fupi, wazi, kila mtu anaelewa. Lakini lichunguze. Limeshaamua mambo matatu kabla hujafungua mdomo. Limeamua kuna mjenzi mmoja. Limeamua kuna siku moja ya kujenga, kama vile mji ni nyumba ya mtu, unaweka msingi Machi, unahamia Desemba. Na limeamua kitu cha maana kuhusu huo mji ni kabila au taifa la mjenzi.

Jaribu na mji unaoujua. Nani alijenga Nairobi? Reli ililetwa na serikali ya Uingereza, kwa jasho la maelfu ya vibarua waliotolewa Bara Hindi. Jina ni la Kimaasai. Eastlands ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika waliotoka kila pembe ya nchi. Ghorofa za Pipeline na Roysambu zimepandishwa na mafundi wetu, usiku na mchana. Haya, jibu ni nani? Kila jibu ni kweli na hakuna hata moja linalokusaidia kuelewa Nairobi. Ukichagua moja, hujafanya utafiti. Umechagua timu.

Na hapo ndipo swali la Gede lilipotufikisha. Timu.

Mtu wa kwanza kuchimba Gede kwa mpango alikuwa Mwingereza, James Kirkman, aliyefika huko mwishoni mwa miaka ya 1940. Alikuwa mchapakazi, mengi tunayoyajua kuhusu kuta za Gede tunayajua kwa sababu yake, siwezi kumnyima hiyo. Lakini kitabu chake cha 1954 kuhusu msikiti mkuu, kwenye jina tu la kitabu, Gede inaitwa mji wa Kiarabu. Hata hujafungua ukurasa wa kwanza, jibu lipo kwenye jalada. Baada yake Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kule Tanzania na Manda kule Lamu, naye alisoma mwanzo wa Manda kama kazi ya watu waliohamia kutoka Ghuba ya Uajemi.

Hawakuwa wajinga. Waliangalia kile ambacho swali lao liliwaelekeza kukiangalia. Ukiuliza "nani alijenga kuta hizi", utaangalia kuta. Utaangalia mihrabu, maandishi ya Kiarabu, vigae vya kauri kutoka Uchina na Uajemi, kwa sababu hivyo ndivyo vinakaa na "anwani". Hujali sana rundo la vigae vya vyungu vya kawaida, vya kupikia, vilivyofinyangwa hapo hapo. Sasa shika hii: kwenye magofu mengi ya Pwani, hilo rundo la vyungu vya kienyeji ndilo kubwa. Vitu vya ng'ambo ni sehemu ndogo tu ya kinachotoka ardhini. Yaani ushahidi mwingi zaidi ulikuwa chini ya miguu yao, na swali ndilo liliwafanya wautazame kama takataka.

Nikisema takataka sitanii. Ngoja nikupeleke kusini kidogo, Zimbabwe, kisha turudi, kwa sababu huko kuna mfano unaouma zaidi.

Great Zimbabwe unaijua, ule mji wa kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wa kushikanisha. Wazungu walipofika walikataa kata kata kuamini kwamba Waafrika waliujenga. Wakasema ni Wafoinike, wakasema ni Malkia wa Sheba, alimradi ni mtu mwingine. Mnamo 1902 serikali ya kikoloni ikamweka mtu anaitwa Richard Hall asimamie mahali hapo. Hall alikuwa na swali lake: wageni wa kale walijenga hapa lini? Ili aone kazi ya hao wageni vizuri, aliondoa matabaka ya udongo yaliyokuwa juu, yale yenye mabaki ya Waafrika walioishi hapo, akiyaona ni uchafu unaoziba historia yenyewe. Aliyafagia. Akayatupa.

Manze, fikiria. Yale matabaka ndiyo yalikuwa historia yenyewe. Jibu alilitupa kwa koleo, akitafuta jibu.

Mnamo 1929 akaja Gertrude Caton-Thompson, mwanaakiolojia mwingine kutoka Uingereza. Akatafuta sehemu ambazo hazijaguswa, akachimba chini ya sakafu na chini ya kuta. Wazo lake ni rahisi mpaka unacheka: kitu kilicho chini ya ukuta lazima kilikuwa hapo kabla ya ukuta. Hakuhitaji kubishana kuhusu Malkia wa Sheba. Alihitaji kuona kilichofukiwa chini. Akakuta mambo ya Waafrika, ya enzi za kati. Watu walimkasirikia, na Rhodesia iliendelea kwa miongo kadhaa kutopenda kuusikia ukweli huo, lakini ushahidi ulikuwa umeshatoka.

Sasa turudi kwetu. Miaka ya 1980, katika kisiwa cha Pate, Lamu, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba mji wa kale unaoitwa Shanga. Kama Gede, Shanga ina magofu ya mawe: msikiti wa Ijumaa, nyumba, makaburi. Lakini hakuishia kwenye kuta. Swali lililomwongoza, nikiliweka kwa lugha yetu, lilikuwa hivi: kabla ya mawe, hapa palikuwa na nini?

Ona lilivyo dogo. Halitaji Mwarabu, halitaji Mwafrika, halitaji Mwajemi. Halijui jibu. Na muhimu zaidi, linakuambia uende wapi na koleo lako: chini.

Akachimba chini ya msikiti. Chini ya msikiti wa mawe kulikuwa na msikiti mwingine. Chini ya huo, mwingine tena. Akaendelea kushuka hadi mawe yakaisha, yakabaki mashimo ya nguzo, alama kwenye udongo zinazoonyesha mahali miti ilikuwa imesimikwa. Msikiti mdogo wa miti, wa karne ya 8. Umejengwa, umebomolewa, umejengwa tena mkubwa kidogo, kizazi baada ya kizazi, mpaka matumbawe yakaingia, halafu chokaa. Na kandokando, toka matabaka ya chini kabisa, kulikuwa na vyungu vya kienyeji vya aina ile ile inayopatikana pande nyingi za mwambao, na hata bara, ukifuata Mto Tana.

Hapo swali la "nani alijenga" halikujibiwa. Liliyeyuka. Kwa sababu hakukuwa na siku meli ilitia nanga ikashusha mji. Kulikuwa na watu wa hapo, kwenye nyumba za miti na udongo, wanavua, wanalima, wanafanya biashara na meli zinazokuja na pepo za kaskazi, wengine wao wanasilimu mapema sana, na polepole, kwa karne kadhaa, mji wao unabadilika kutoka miti kwenda mawe. Wachimbaji wengine, wakiwemo Wakenya kama George Abungu na Chapurukha Kusimba, na Felix Chami kule Tanzania, waliendelea kufuatilia maswali ya aina hiyo. Watu walikula nini? Chuma walifua wapi? Walihusiana vipi na majirani wa bara?

Wataalamu wa lugha nao walifanya vivyo hivyo. Zamani swali lilikuwa "Kiswahili ni Kiarabu au Kibantu?" Mpaka leo utalisikia kwa kinyozi, na kila mtu ana mfano wake: "Si umeona sita, saba, tisa ni Kiarabu?" Ni kweli. Na moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za Kibantu, kwa hivyo hapo mtabishana mpaka nywele ziote tena. Watu kama Derek Nurse na Thomas Spear, katika kitabu chao cha 1985, walienda kwa njia nyingine: kati ya lugha zote za ukanda huu, ndugu wa damu wa Kiswahili ni zipi, na waliachana kwa mabadiliko gani ya sauti? Hilo unaweza kulipima. Unalinganisha sauti, unalinganisha sarufi, sio maneno ya kuazima tu, maana maneno huazimwa kama sukari. Majibu yalielekea Kipokomo, lugha za Wamijikenda na lugha za Visiwa vya Ngazija. Familia moja. Maneno ya Kiarabu yapo, mengi, lakini yaliingia kwenye nyumba ambayo tayari ilikuwa imesimama.

Sasa najua kuna mtu anasema, "Sawa, tumeshinda. Ni yetu. Waafrika walijenga." Hapo ndipo nataka ukae chini, kwa sababu na mimi nilikuwa hapo, na nilipigwa kofi.

Machi 2023, jarida la Nature lilitoa utafiti wa DNA ya watu wa kale wa Pwani. Walichukua sampuli za watu 80 waliozikwa kati ya 1250 na 1800, wengi katika miji ya mwambao kama Mtwapa, Manda na Kilwa. Kusimba niliyemtaja alikuwa mmoja wa watafiti. Matokeo: kwa wengi wa watu hao wa mwambao, zaidi ya nusu ya DNA ilitoka kwa wahenga Waafrika, na hasa wanawake. Lakini sehemu kubwa, na kwa wengine hata zaidi ya nusu, ilitoka Asia. Uajemi hasa, na kiasi fulani India. Na hiyo ya Uajemi ilikuja zaidi kupitia wanaume.

Mtandao uliwaka. Vichwa vya habari vikasema hadithi za Washirazi zilikuwa kweli. Unazijua: yule mwana wa mfalme aliyekuja Kilwa akanunua kisiwa kwa nguo. Wasomi wengi walikuwa wanazichukulia kama hadithi za watu kujipatia hadhi, na ghafla DNA inasema, subiri, kuna kitu hapo. Kambi moja ikasherehekea. Kambi nyingine ikakasirika, na wengine wakaanza kusema utafiti ni njama. Mimi, nikiwa mkweli, nilisoma kichwa cha habari nikahisi kama kuna mtu ameninyang'anya kitu. Nilikuwa nataka jibu liwe asilimia mia yetu. Nilikuwa nimesahau nilishakubali kwamba swali la timu ni bovu. Kumbe nilikuwa nimelikataa tu wakati lilikuwa linanipiga, nikalipenda liliponipa ushindi.

Hebu tulisome tena kwa utulivu. Utafiti ule ule ulikadiria kwamba watu hao walianza kuchanganyika karibu mwaka 1000. Lakini msikiti wa miti wa Shanga ni wa karne ya 8. Kwa hivyo kuna mji, kuna biashara, kuna Uislamu, mamia ya miaka kabla ya damu hiyo kuonekana kuchanganyika. Pia, wengi wa waliopimwa walizikwa kwenye makaburi ya heshima, karibu na misikiti. Hao ni matajiri wa mji. Mvuvi wa nyumba ya makuti hayumo sana kwenye hizo sampuli. DNA inakuambia babu ya fulani alitoka wapi. Haikuambii nani alibeba mawe, nani alijua kuchoma chokaa, nani aliamua msikiti uelekee wapi.

Na kuna kitu kingine, ambacho kwangu ndicho kitamu kabisa. Akina baba wanatoka Uajemi, akina mama ni wa hapa, na watoto wanakua wakiongea nini? Kiswahili, lugha ya Kibantu. Lugha ya mama, kihalisi. Mgeni tajiri alikuja, akaoa kwenye familia za hapa, na mji ukamfanya Mswahili badala ya yeye kuufanya mji kuwa Uajemi. Sasa maswali mazuri yanajipanga yenyewe: hao wanawake walikuwa na nguvu gani? Nyumba ilikuwa ya nani? Familia za mwambao zilipata nini kwa kumwoza binti kwa mfanyabiashara wa ng'ambo? Ona tofauti. "Nani alijenga" linakupa neno moja. Haya yanakupa kazi ya maisha.

Kwa nini nasisitiza hivi, kwani si ni mambo ya kale tu? La. Hilo swali limewahi kugharimu watu. Serikali ya kikoloni iliwagawanya watu wa Kenya kuwa wenyeji na wasio wenyeji, na hilo liliamua kodi yako, haki zako, na kama utavaa kipande shingoni. Mswahili alikuwa katikati. Kuna familia za Mombasa zilizopigania kwa miongo kutambuliwa kama Waarabu, si kwa sababu walimchukia mama yao, ila kwa sababu kuitwa mwenyeji kulikuwa na bei. Uhuru ulipokaribia, kukawa na mjadala mkali wa Mwambao: ule ukanda wa maili 10 uliokuwa kwa jina wa Sultani wa Zanzibar, uwe sehemu ya Kenya au la? Ukaja Kenya 1963. Katika hali kama hiyo, ukitoa kitabu kinachosema magofu ni ya Waarabu, au ukitoa kingine kinachosema ni ya Waafrika, hujaandika historia tu. Umempa mtu karatasi ya kumfukuzia mwenzake.

Na bado ipo. Muulize rafiki yako kutoka Old Town au Lamu ni mara ngapi ameulizwa, "Lakini nyinyi hasa mlitoka wapi?" Huyo anayeuliza hajioni mbaya. Ana swali tu. Ila swali lake limeshaamua kwamba aliyeulizwa alitoka mahali.

Basi turudi kwa projekti yako. Nitachukua swali ambalo naliona kila mara, kwa sababu sisi wa Nairobi tunapenda kujiuliza: "Sheng ilianzishwa na nani?" Unaona? Ni Gede tena. Mjenzi mmoja, siku moja, timu. Mtu wa Kaloleni atasema ni sisi, mtu wa Jericho atasema ni sisi, na utarudi na kurasa 40 za watu kujisifu.

Mimi kitu cha kwanza ninachofanya ni kuuliza swali langu limeficha nini. Lisome kama vile limeandikwa na adui yako. "Kwa nini vijana hawapendi Kiswahili?" Nani alikuambia hawapendi? Huo ni uamuzi umevaa alama ya kuuliza.

Cha pili, naangalia kama jibu linaweza kuniaibisha. Kama kabla ya kuanza unajua utaandika nini kwenye hitimisho, hiyo si projekti, ni hotuba. Swali la Horton lingeweza kuleta chochote. Angechimba chini ya msikiti akakuta mchanga mtupu, na hilo lingekuwa jibu pia, tena la kuunga mkono kina Chittick. Swali la Hall lisingeweza kuleta chochote ila alichotaka, maana chochote kingine alikiita uchafu.

Cha tatu, swali linapaswa kukuambia uende wapi. Ukilisoma na bado hujui uamke saa ngapi, upande matatu ya wapi, ukaongee na nani au ufungue sanduku gani la makaratasi, bado ni mada, haijawa swali. "Historia ya Sheng" ni mada. "Athari za mitandao kwa vijana" ni mada, na naomba tuipumzishe kidogo, imefanya kazi sana.

Kwa hivyo la Sheng ningelibadilisha hivi: watu waliokulia mtaa mmoja wa Eastlands, tuseme Kaloleni, katika miaka ya 1960, 1980 na 2000, walitumia maneno gani kwa pesa, polisi, chakula na mzazi, na ni maneno gani yalidumu? Ni dogo, ndiyo. Halina makeke. Lakini ukilisoma unajua cha kufanya kesho: tafuta shosho watatu, wazee watatu, kina mama na kina baba wa rika la kati, na vijana. Kaa nao. Chukua chai. Andika. Unaweza kukuta Sheng ni ya zamani kuliko unavyodhani. Unaweza kukuta neno uliloapa ni la kizazi chako lilikuwa la nyanya yako. Unaweza kukosea, na hiyo ndiyo raha.

Na la mwisho, kabla hujatuma kwa msimamizi wako, jiulize nani atalipa bei ya hili swali. Sisemi uogope maswali makali. Horton alikanyaga vidole vya watu, utafiti wa DNA ukakanyaga vyangu, na sawa tu. Nasema ujue tofauti kati ya swali linaloumiza kwa sababu jibu lake ni kweli, na swali linaloumiza kwa sababu limejengwa kumtoa mtu kwenye picha hata kabla ya jibu kupatikana.

Shule imetufunza kujibu. Miaka yote ile ya "taja sababu tano", hakuna siku tulipewa alama kwa kuuliza. Sishangai tukifika chuo tunaganda tukiambiwa tulete swali letu wenyewe. Ila kuuliza ni kazi ya mikono kama kazi nyingine, unaharibu mara nyingi, halafu mkono unazoea.

Siku hizi Gede iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, tangu 2024, kwa hivyo mabasi ya shule yataongezeka. Ukipata nafasi ya kurudi, fanya hivi. Mji ule ulikuwa na kuta mbili, ya ndani na ya nje. Ndani ndiko kuna kasri, msikiti mkuu na nyumba za mawe, ndiko kila mtu hupiga picha. Wewe toka kidogo. Simama kati ya kuta hizo mbili, pale penye miti tu na majani makavu, pale panapoonekana hakuna kitu. Huko ndiko watu wengi wa Gede waliishi, kwenye nyumba za udongo na makuti ambazo hazikuacha ukuta wa kupigia picha.

Usiulize nani alijenga. Uliza: hawa waliamka asubuhi wakafanya nini?

Halafu anza kutafuta.